Sanduku Lisilo na Matundu

Sanduku nililitengeneza mimi, na komeo nililipiga mimi. Nalisema hili kabla ya yote kwa sababu nimeishi miaka mingi nikiwasikia watu wakianza hadithi katikati, pale ambapo kosa limeshakuwa la mwingine.

Mimi ni seremala. Shule niliishia darasa la nne, na kuandika kwangu ni kwa kupapasa, kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Mke wangu alikuwa mlezi katika shule ya watoto wenye mahitaji maalumu, ile yenye ukuta wa bluu nyuma ya karakana za magari. Alikuwa na pumu. Siku aliyozidiwa nilimfikisha hospitali mchana kweupe, anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Mtungi wa hewa ulikuwepo. Ulikuwa stoo, na stoo ilikuwa imefungwa, na nesi alikuwa anazunguka koridoni akiuliza, "Ufunguo anao nani? Jamani, ufunguo anao nani?" Aliyekuwa nao alikuwa ameenda semina. Mke wangu alikata roho akiwa ameshika mkono wangu, midomo imegeuka rangi ya risasi. Baadaye mkubwa wao mmoja akaniita ofisini, akanivutia kiti, akasema, "Mzee, mambo haya hutokea."

Hutokea. Kama mvua.

Hakuna aliyesema, ni mimi. Miaka mitatu nilingoja mtu mmoja tu aniambie hivyo, ningemshukuru hata kama angeniambia njiani. Hakuja. Tangu hapo, nikimwona mtu mwenye ofisi na funguo kiunoni, nahamia upande wa pili wa njia.

Pale shuleni nilianza kwenda kwa ajili ya kigoda. Mlezi mwenzake na marehemu, anayeniita shemeji mpaka leo, alinipigia simu. "Shemeji, kigoda cha dada kimevunjika mguu, na hapa hakuna mwenye moyo wa kukitupa." Nikaenda na gundi. Nikakuta meza zinayumba, viti havina migongo, mlango wa choo unafungwa kwa kamba ya kiatu. Nikarudi kesho yake. Mwaka wa pili huo nilikuwa naenda kila Jumanne na Ijumaa, kazi ya kujitolea, ninachopewa ni chai tu na kelele za watoto. Sikwenda kwa wema. Nyumbani kulikuwa kimya mno.

Watoto wale nilikuwa nawaogopa mwanzoni. Sifichi. Kuna mmoja alikuwa akinisalimia mara ishirini kwa siku, na mara ya ishirini anataka jibu lile lile la mara ya kwanza. Mwingine akicheka, anakukamata sikio. Lakini kulikuwa na msichana mmoja wa miaka minane hivi, huyo ndiye alikuwa wangu. Mlezi alimpa jina Chiriku kwa utani, maana chiriku ni ndege asiyefunga mdomo, na huyu hakuwa amewahi kutoa neno tangu azaliwe. Kelele zilikuwa zinamuumiza. Si kumkera, kumuumiza, kama wewe unavyoumia mtu akikukanyaga kidole. Kengele ikigongwa, alitafuta mahali pa giza na pembamba akajikunja humo: chini ya meza, nyuma ya pazia, siku moja ndani ya kabati la sufuria.

Ila mlio wa msasa aliupenda. Alikuja akakaa karibu na mguu wangu, nikampa kipande cha msasa na kipande cha ubao, naye akasugua. Kwaru, kwaru, kwaru. Mara tatu, anapumzika. Kwaru, kwaru, kwaru. Hakuwahi kusugua mara mbili wala mara nne. Mlezi alisema, "Shemeji, umepata mwanafunzi asiyebisha." Nikamwambia, "Afadhali yeye kuliko Mwalimu Mkuu wenu."

Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamke mwembamba, umri wa binti yangu, miwani inaning'inia kifuani na shada la funguo kiunoni. Kwa funguo zile peke yake nilikuwa nimeshamkataa kabla hajafungua mdomo. Mwaka uliotangulia aliniambia mlango mpya wa chumba cha kulalia watoto ufungukie nje. Nikamwambia mlango wa chumba hufungukia ndani, tangu babu zangu, kwa sababu ukifungukia nje, bawaba zinabaki nje, na mwizi mwenye patasi anang'oa pini na kuingia bila kugusa kitasa. Akasema, "Nje, fundi. Siku ya moto watoto watausukuma." Niliupiga nje, nikanung'unika mpaka jioni.

Sasa akataka sanduku la magodoro. Watoto walilala kidogo baada ya chakula cha mchana kwenye vigodoro vyembamba, na vigodoro vilikuwa vinarundikwa pembeni kama mizigo ya wahamiaji. Alikuja pale nilipokuwa napiga randa.

"Fundi, mambo mawili. Mfuniko usiwe na komeo. Na utoboe matundu pembeni, mengi."

"Matundu ya nini?"

"Ya hewa."

"Mwalimu, umeniagiza sanduku au banda la kuku?"

Walezi waliokuwa wakianika nguo wakacheka. Yeye hakucheka. "Matundu, fundi. Na komeo, hapana."

"Nimeshika randa wewe hujazaliwa."

"Na mimi nimewashika watoto hawa wewe ukitengeneza makabati," akasema, akaenda zake na funguo zake zikilia kiunoni.

Lile neno lilinichoma. Nyumbani usiku huo nilijisemea, wakubwa kazi yao kuagiza, kujua tunajua sisi. Godoro linataka hewa gani? Panya ndio wanataka matundu. Na mfuniko mzito usio na komeo utaning'iniwa na watoto, utawakata vidole. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na mpaka leo siwezi kusema nilifikiri kama mjinga. Nilifikiri kama seremala. Nikaunganisha mbao mpaka hata sisimizi asingepita, nikapiga vanishi, nikaweka komeo zuri la chuma, lile linalodondoka lenyewe kwenye jino lake mfuniko ukishuka. Kulifungua, unaliinua kwa kidole kimoja. Kutoka nje.

Nilipeleka sanduku Ijumaa asubuhi. Siku hiyo walikuwa wanakuja wageni, wakubwa wa ofisi fulani, wakileta viti vya magurudumu na maneno. Nilitaka wakute kazi yangu imesimama pale, waseme nani kaifanya. Mwalimu Mkuu alikuwa getini anawapokea, hakuja kuona. Vigodoro vilikuwa nje vinapigwa jua. Harufu ya vanishi ilikuwa bado kali, basi nikainua mfuniko, nikautegemeza kwa kijiti, nikauacha wazi sanduku lipate upepo. Nikaenda kwenye kibanda cha vifaa.

Wageni walikuja na lori na spika moja kubwa kama jokofu. Geti likafunguliwa pande zote mbili lori lipite. Kijana wa spika akaanza, "Moja, mbili. Moja, mbili." Sauti ikagonga bati za paa, ikarudi. Nilimwona Mwalimu Mkuu akimwendea na kumwambia kitu, mikono ameiweka masikioni kumwonyesha. Kijana akajibu, "Madamu, mgeni rasmi anapenda isikike mpaka barabarani." Muziki ukafunguliwa. Niliona watoto wawili wameanza kulia. Nikasema moyoni, ndio hao, wamekuja kusaidia.

Chiriku sikumtazama. Hilo ndilo ninaloliona sasa nikifumba macho: kwamba wakati ule niliwatazama wakubwa, sikumtazama yeye.

Saa nne ni chai. Pale shuleni watoto hawahesabiwi kwa majina, maana wengine hawaitikii na mmoja anaitikia majina yote. Wanahesabiwa kwa vikombe. Kila mmoja ana chake cha rangi yake, na hagusi cha mwenzake hata kwa fimbo. Sinia ikirudi tupu, watoto wote wapo. Siku ile sinia ilirudi na kikombe kimoja, cha kijani, chenye pengo mdomoni, chai imejaa.

Mlezi alisimama mlangoni ameishika. "Chiriku yuko wapi?"

"Chooni," mtu akasema.

"Nimetoka chooni."

"Kwa shemeji yako, kwenye mbao."

Aliniangalia. Nilitikisa kichwa. Nikaona rangi inamtoka usoni kama nguo inayotiwa maji ya moto.

Wana kanuni yao, imebandikwa ukutani ofisini. Mtoto akipotea: gonga kengele, wakalishe wengine duara, chungulia vyumba na ufunge vilivyo tupu, kisha tafuta nje. Kanuni nzuri kwa mtoto mwingine yeyote. Kengele ikagongwa. Kijana wa spika naye, akidhani anasaidia, akaanza kuliita jina lake halisi kwa kipaza sauti, mara kumi, mara ishirini, muziki chini yake haujazimwa. Watu wazima wote tukawa tunapiga kelele uwanja mzima tukimtafuta mtoto anayekimbia kelele. Na hakuna aliyeona ajabu. Hata mimi.

Kwa sababu geti lilikuwa wazi. Wote tuliangalia geti.

Mlinzi wetu tunamwita Golikipa. Enzi zake alidaka mpira, na walezi husema hakuna mbuzi wa mtaa huu ambaye hajamfunga bao. Alisimama ameshika kofia. "Mimi sikumwona akipita. Nilikuwa naongoza lori lirudi nyuma, lakini sikumwona."

"Ndiyo maana tunauliza," mgeni rasmi akasema. Alikuwa bwana mnene, mpole wa sauti. "Hukumwona, maana yake kapita. Kabidhi sare yako, tutaongea baadaye."

Mwalimu Mkuu alikuwa ameshapanda gari la wageni na dereva wao, wakaondoka kuelekea barabara kubwa. Mimi na Golikipa tukakimbilia mtaro wa nyuma ya karakana.

Ule mtaro ndio unaopokea mafuta yote machafu ya magari. Maji yake ni meusi, mazito, hayaonyeshi uso wa mtu. Tulishuka ndani. Niliingiza mkono mpaka begani, nikapapasa. Niliomba nisiguse kitu, na papo hapo niliomba niguse. Niligusa kitu laini nikapiga ukelele kama mtoto, lilikuwa gunia. Golikipa alikuta ndala, akaiinua juu.

"Ya kwake?"

"Ya mtu mzima," nikasema.

Akaketi kwenye maji vilevile na kaptura ya sare. "Mzee, nikimkosa huyu mtoto, mimi nyumbani sirudi. Nitawaambia nini wanangu? Kwamba nilikuwa naangalia tairi?"

"Inuka," nikamwambia. "Inuka, mtoto wa watu, tuangalie kule mbele."

Tulikwenda mpaka mtaro unapoingia chini ya daraja, tukarudi. Sijui ilichukua muda gani. Nilihesabu kwa pumzi tu, na pumzi zenyewe zilikuwa fupi.

Tuliporudi uwanjani tulipita upande wa chumba cha kulalia. Dirisha lina nondo, kioo kimoja kimevunjika. Sikuwa nimekusudia kuchungulia. Jicho la fundi tu, linapenda kwenda kwenye kazi yake. Nikaona kijiti kiko sakafuni. Mfuniko uko chini.

Mimi niliuacha wazi.

Sikuelewa mara moja. Nilisimama nikasema moyoni, upepo. Lakini upepo haukuwepo, bendera ya wageni ilikuwa imelala kwenye mti wake kama nguo iliyoloa. Halafu nikaelewa.

Nilikimbilia mlangoni. Kitasa kilikataa. Nikakitikisa. Mlezi akaja mbio.

"Nilifunga mimi, shemeji. Nilichungulia, hamna mtu, nikafunga kama kanuni inavyosema."

"Fungua."

"Funguo nilimrudishia Mwalimu Mkuu. Kaondoka nazo."

"Ufunguo anao nani?" nikasema. Alikuwa ameshanijibu, lakini nikasema tena, "Ufunguo anao nani?" Ilikuwa sauti yangu, ila maneno yalikuwa ya yule nesi, na niliyasikia kama vile nimesimama tena koridoni na mkono wa mke wangu unapoa ndani ya wangu.

"Kuna nini humo?" mlezi akauliza.

"Yumo kwenye sanduku."

"Si litakuwa na matundu?"

Nilitikisa kichwa. Alirudi nyuma hatua moja, akaniangalia kama mtu asiyenijua.

Muziki ulikuwa bado unapiga. Nilikwenda kwenye spika nikashika waya nikaung'oa pamoja na soketi yake. Kijana akasema, "Mzee, hii mashine si yako." Sijui nilimtazama vipi, lakini alinipisha. Nikawaambia wote, na wageni, na yule bwana mnene, "Nyamazeni. Kengele iacheni. Mtu asiseme."

Pakawa kimya. Watoto kwenye duara lao nao wakanyamaza, hata yule wa salamu ishirini. Nikaweka sikio kwenye kioo kilichovunjika.

Mwanzo nilisikia damu yangu tu. Kisha, kutoka ndani kabisa, kama mende anayetembea juu ya karatasi:

Kwaru. Kwaru.

Nikangoja ya tatu.

Nikangoja.

Ya tatu haikuja.

Nilikimbilia kibanda. Nilijikwaa mlangoni nikapasua goti, sikusikia maumivu mpaka jioni. Patasi, nyundo. Nondo za dirisha nilizipiga mimi mwenyewe, nilijua hazing'oki leo wala kesho. Kitasa nilikiweka mimi, nilijua hakivunjiki. Mlango ulikuwa wa mbao ngumu, kazi yangu hiyo hiyo, kuuvunja kwa mateke ni kujivunja mguu. Lakini bawaba zilikuwa nje. Zilikuwa nje kwa sababu yule mwanamke alisema nje.

Niliweka patasi chini ya kichwa cha pini ya kwanza, nikapiga. Ule mlio uliingia chumbani ukazunguka kuta. Hapo nikajua jambo jingine: kila nyundo niliyopiga ilikuwa inampiga yeye masikioni. Kama alikuwa hai bado, alikuwa gizani, hana hewa, na nyundo inamjia. Ningepiga polepole angekosa pumzi. Ningepiga kwa nguvu angekufa kwa woga. Nilipiga kwa nguvu. Nilikuwa nasema, "Samahani mwanangu, samahani, moja tu, moja tu," na haikuwa moja.

Pini ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ilikataa. Niliipaka rangi mwenyewe mwaka uliotangulia, rangi nzito, ili bawaba zipendeze, na rangi ilikuwa imekaukia ndani kama gundi. Patasi iliteleza ikanichana kiganja. Mlezi alikuwa amepiga magoti nyuma yangu, anaomba kwa kunong'ona, na katikati ya dua akaingiza, "Shemeji, fanya haraka, shemeji, jamani."

"Mzee, nipe nafasi," Golikipa akasema. Aliingiza vidole vyake kwenye upenyo wa juu, pale pini zilipotoka, akaegemeza mguu ukutani, akavuta. Mlango ulilia. Skrubu za bawaba ya tatu zikang'oka na vipande vya mbao, mlango ukaja wote ukamwangukia kifuani. Nilipita juu yao wote wawili, yeye na mlango.

Komeo liliinuka kwa kidole kimoja. Nililitengeneza vizuri.

Alikuwa amejikunja upande, magoti kidevuni, kama walivyo tumboni mwa mama. Nguo imelowa jasho imemganda. Nywele zimeshikana na vanishi ambayo haijakauka sawasawa. Msasa ulikuwa mkononi, na ubao wa ndani, mbele ya uso wake, ulikuwa na alama nyeupe ndogo kama kucha. Midomo ilikuwa ya rangi ile.

Nilijua rangi ile. Nilikuwa nimeiona mara moja tu, na nilikuwa nimeapa sitaiona tena.

Nilimtoa nikambeba mpaka dirishani. Shingo haikuwa na nguvu. Mlezi akamfungua vifungo, akampepea kwa kanga yake, nami nilikuwa namwita kwa jina la utani, jina halisi, kila jina. Kifua chake hakikuwa kinaenda. Kisha kikaenda. Kidogo, kama mtu anayeonja chai ya moto. Kisha akavuta pumzi moja ndefu yenye mkwaruzo, akakohoa, akanitapikia begani, na sijawahi katika maisha yangu kupewa kitu nikafurahi kiasi kile.

Alifumbua macho. Hakulia. Alinitazama muda mrefu, kisha akashika mikono yangu, huu mzima na huu wenye damu, akaiinua, akaiweka juu ya masikio yake, mmoja huku na mmoja huku. Akaikandamiza. Tukakaa hivyo sakafuni.

Gari la wageni lilirudi. Mwalimu Mkuu aliingia mbio, viatu ameshika mkononi. Alimwona mtoto kwanza. Akapiga magoti akamgusa mguu, akapumua. Halafu akaliona sanduku. Alilizunguka. Alipapasa pembeni, kushoto, kulia, kwa kiganja, akitafuta kitu ambacho hakikuwepo. Aliinua komeo, akaliacha, likadondoka: ka. Aliinua tena. Nilikuwa nangoja aseme, nilikuambia. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na majibu hata matano.

Hakusema.

Bwana mnene alikuwa mlangoni, au pale palipokuwa na mlango. "Basi, tumshukuru Mungu," akasema kwa sauti yake ya upole. "Hakuna haja ya kuandika chochote. Mtoto alikuwa amelala, ameonekana. Mambo haya hutokea."

Golikipa alikuwa ameketi kwenye ngazi, anajipapasa kifua. Alikuwa ameshavua shati la sare, amelikunja vizuri kando yake.

Mwalimu Mkuu akasema, bila kumtazama bwana yule, "Nimempigia simu mama yake. Yuko njiani." Kisha akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nitaongea naye mimi. Shule ni yangu. Wewe nenda kaoshe hilo jeraha."

Alikuwa ananifungulia njia. Ningeweza kupita. Ningenyamaza tu, ningeenda kuosha mkono, na hadithi ingeanzia kwenye lori, au kwenye spika, au kwenye geti, au kwenye kanuni ya ukutani, na kote huko kulikuwa na ukweli. Ningerudi nyumbani nikiendelea kuwachukia wenye funguo, salama.

Nikwambie kitu: kule mtaroni niliogopa, na pale mlangoni niliogopa zaidi, lakini woga ulionishika wakati namngoja yule mama haufanani na hofu hizo zote. Ule wa kwanza una kazi, unakimbia, unapiga nyundo. Huu hauna la kufanya. Unakaa nao.

Mama yake ni mfua nguo. Alifika kwa mbio, povu limemkaukia viwikoni. Alimchukua mtoto akamnusa kichwa, shingo, mikono, kama wanyama wanavyofanya. Akasema, "Ananuka rangi. Kwa nini mwanangu ananuka rangi?"

Mwalimu Mkuu akafungua mdomo.

"Ni mimi," nikasema.

Ilitoka ndogo, ikabidi niirudie. "Ni mimi, mama. Mimi ndiye fundi. Sanduku hilo nililitengeneza mimi. Niliambiwa nisiweke komeo, nikaweka. Niliambiwa nitoboe matundu, nikasema si banda la kuku. Niliuacha mfuniko wazi nikaondoka. Aliingia humo kukimbia kelele, mfuniko ukamfungia. Mlinzi huyu hana kosa, na ndiye aliyeng'oa mlango."

Nilimwambia yote. Alama za msasa nilimwonyesha. Midomo pia nilimwambia ilikuwa rangi gani, ingawa mlezi alinivuta shati ninyamaze.

Mama hakupiga kelele. Alilitazama sanduku. Aliinama akaingiza kichwa na mabega ndani, akakaa humo, na sote tulisimama tukitazama mgongo wake. Alipotoka alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Ling'oe," akasema.

"Nitalivunja sanduku lote, mama, nitalichoma moto."

"Sikusema sanduku. Watoto wanahitaji pa kuweka magodoro." Alinyoosha kidole chenye ngozi iliyokunjamana kwa maji. "Komeo. Na hayo matundu uliyoambiwa. Sasa hivi, mimi nikiwa hapa naona."

Golikipa akaniletea bisibisi na keke ya kutobolea mbao. Nilipiga magoti. Skrubu zilikuwa nne. Bisibisi ikawa inaruka nje ya mfuo wake, ikakwaruza vanishi niliyoihangaikia wiki nzima. Hakuna aliyenisaidia, na hakuna aliyesema pole. Mwalimu Mkuu alisimama upande wa mama, ameziminya funguo zake kwenye ngumi zisilie.

Skrubu ya kwanza ikadondoka. Chiriku akashuka kutoka mikononi mwa mama yake, akaiokota, akaiweka sakafuni mbele ya goti langu. Ya pili akaiweka kando ya ya kwanza, zimelingana. Kisha akashika kiganja changu kibovu akakitazama, akakirudisha kwenye bisibisi.

Nikaendelea. Nilipochukua keke nilimwangalia mama kwanza, kwa sababu ya mlio. Akamziba mwanawe masikio kwa mikono yake mwenyewe.

"Toboa," akasema. "Na yawe mengi."